Helikopta ya rimoti iliyogoma siku ya pili: uchambuzi wa kisa cha mtoto anayeanza kurusha

## Usuli

Kisa hiki ni cha nyumba moja katika mji wa pwani. Majina, mtaa na chapa ya kifaa vimeondolewa. Mrushaji ni binti wa miaka 11 ambaye hakuwahi kushika chombo chochote cha kuruka. Mjomba wake, anayefanya kazi Ghuba, alikuja likizo na kumletea helikopta ndogo ya rimoti. Wengine waliohusika ni kaka yake wa miaka 16, mama yao, na fundi simu wa jirani aliyeletewa kifaa kilipogoma.

Helikopta ilikuwa ya aina inayouzwa sana kwa wanaoanza: ya kurusha ndani ya nyumba, urefu wa sentimeta 22 hivi, uzito wa gramu 40 hivi, betri ya lithiamu ya volti 3.7 na mAh 150 (mAh ni kipimo cha umeme unaohifadhiwa) iliyofungwa tumboni, na rimoti inayotumia betri sita za AA. Chaji kamili huchukua dakika 40 hadi 50 na kutoa dakika 6 hadi 8 za kuruka. Boksi liliandikwa chaneli 3.5, chaneli ikiwa ni mwendo mmoja unaoamriwa na rimoti. Hiyo nusu haiongezi mwendo wowote angani. Miendo ni mitatu tu: kupanda na kushuka, kugeuza kichwa, kwenda mbele na nyuma.

Muundo wake unahitaji maelezo, maana ndio utakaoeleza karibu kila hitilafu iliyofuata. Ina mapanga jozi mbili kwenye mhimili mmoja, jozi ya juu ikizunguka upande mmoja na ya chini upande wa pili. Kila jozi ina mota yake na gia yake. Mhimili mwembamba wa jozi ya juu unapita ndani ya bomba ambalo ndilo mhimili wa jozi ya chini. Jozi hizo zikizunguka kwa nguvu sawa, kiwiliwili kinatulia, na moja ikizidi nyingine kidogo, kichwa kinageuka. Juu kabisa kuna fimbo ya mizani yenye vidonge viwili vya uzito, iliyoungwa na jozi ya juu kwa vijiti vidogo, na hiyo ndiyo inayokizuia chombo kisipinduke. Rafadha ya mkiani, yaani panga dogo la nyuma, imelala ikitazama juu: ikiinua mkia, pua inainama na chombo kinakwenda mbele. Ndani kuna jairo, yaani kihisio kinachotambua mzunguko usiotakiwa na kuurekebisha.

Amri hutoka kwenye rimoti kwa miale ya infraredi, yaani mwanga usioonekana kwa macho, kama rimoti ya televisheni. Lazima rimoti na chombo vionane.

## Kilichotokea

Zawadi ilifunguliwa Ijumaa baada ya sala. Helikopta ilichajiwa dakika 20 hivi, kisha subira ikaisha. Betri za rimoti zilitolewa mbili kwenye saa ya ukutani na nne kwenye tochi, zote zile za bei rahisi zisizo alkalaini. Saa tisa alasiri watoto walitoka nayo uani, jua likiwaka na upepo wa kusi ukivuma.

Binti alisukuma kijiti cha kushoto cha rimoti, kile cha kupandisha na kushusha, hadi mwisho. Helikopta ilipaa mpaka usawa wa paa, upepo ukaibeba kuelekea mwembe, naye akapiga kelele: "Mjomba, haisikii!" Kweli haikuwa ikisikia. Iligonga tawi, ikaanguka mchangani na kulala ubavu huku mapanga yakichimba mchanga. Kijiti bado kilikuwa juu. Kaka alikimbia kuiokota na mota zikiwa bado zinalazimisha, na mama akasikia harufu ya plastiki iliyopata moto.

Jioni walijaribu sebuleni, pangaboi likizunguka. Helikopta ilinyanyuka kidogo na kuanza kujizungusha kushoto bila kukoma. Kaka alizungusha kitufe cha rimoti cha kurekebisha mzunguko hadi mwisho wa upande wa kulia. Mzunguko ulipungua, haukuisha. Alipoona panga moja limepasuka nchani, alilibandika kwa gundi ya haraka. Mtetemo ukawa mkubwa kuliko mwanzo, na katika jaribio la mwisho kijiti kimoja cha fimbo ya mizani kikachomoka. Walikata tamaa, wakaiweka kabatini. Swichi ya helikopta ilibaki imewashwa usiku kucha.

Asubuhi haikuwaka kabisa.

## Uchunguzi mezani

Mjomba aliipeleka kwa fundi pamoja na binti. "Shikamoo fundi." "Marahaba mwanangu. Kabla sijafungua, niambie ilianguka wapi." Swali hilo lilifupisha kazi, kwa kuwa jibu lilikuwa mchanga.

Fundi hakuanza na saketi wala hakuagiza mota mpya. Alifuata mpangilio wa kutoka kwenye vitu visivyogharimu kitu kwenda kwenye vinavyogharimu:

1. Betri. Mita ilisoma volti 2.9. Betri ya lithiamu ya aina hii ikijaa hufika 4.2, na haifai kushushwa chini ya 3.0. Alikagua kama imevimba, akakuta haijavimba. Aliichaji juu ya sakafu ya vigae, mbali na kochi na mapazia, akiigusa kila dakika chache kusikiliza joto. Ilifika 4.18. Kama ingekuwa imevimba au imeshuka zaidi ya pale, asingeichaji.

2. Rimoti. Alielekeza kamera ya mbele ya simu kwenye taa za rimoti huku kijiti kikisukumwa. Kwa macho hazionekani, lakini kamera nyingi za mbele huona infraredi kama mwanga hafifu wa zambarau. Mwanga ulikuwepo, ila dhaifu. Betri sita mpya za alkalaini zikauongeza waziwazi.

3. Mapanga kwa mkono. Umeme ukiwa umezimwa, alizungusha kila jozi kwa kidole. Ya juu ilikwenda laini. Ya chini ilikwaruza na kukwama kila baada ya sehemu ndogo ya mzunguko: chembe za mchanga katikati ya meno ya gia. Alizitoa kwa brashi kavu. Gia za plastiki hakuzitia mafuta, kwa sababu mafuta hushika vumbi. Tone moja tu la mafuta ya cherehani lilikwenda pale mhimili mwembamba unapoingia kwenye bomba. Mafuta ya kupikia yasitumike kamwe. Baada ya siku chache huganda na kunata.

4. Nafasi ya mhimili. Alishika kitovu cha mapanga ya juu akakivuta kwenda juu na chini. Kilicheza kama milimita 3, na kinachofaa ni kama nusu milimita. Gia iliyo chini ya mhimili wa ndani ilikuwa imeteleza kutoka mahali pake, kwa hiyo meno yake yalikuwa yakishikana na ya mota nusunusu na kuruka kila nguvu ilipoongezwa. Hiki ndicho kiini cha ule mzunguko wa kushoto: jozi ya juu ilipoteza nguvu, ya chini ikashinda. Aliirudisha gia kwa kuisukuma taratibu.

5. Mkia. Unywele ulikuwa umejiviringisha kwenye ekseli ya rafadha ya nyuma. Ulitolewa kwa kibanio.

6. Mapanga na fimbo ya mizani. Kijiti kilichochomoka kilirudishwa kwa kubonyeza. Mapanga ya jozi iliyotiwa gundi yalibadilishwa yote mawili, siyo lile bovu peke yake.

Hapo kwenye mapanga wengi hukosea, hivyo pafaa kuongezwa maneno. Mapanga ya juu na ya chini hayafanani, kwa sababu yanazunguka pande zinazopingana na kila jozi imekatwa kusukuma hewa chini kwa upande wake. Kwenye helikopta nyingi za aina hii huchapwa herufi ndogo A au B karibu na tundu la skrubu. Ukichanganya, mota zitalia na chombo hakitapanda. Skrubu nazo hukazwa kwa kiasi: ukiinamisha helikopta ubavu, panga lijikunje lenyewe kwa uzito wake. Likigoma kujikunja, umekaza mno, na panga litakalogusa ukuta litavunjika badala ya kukwepa. Likiwa linapepea juu na chini, umelegeza mno na litatetemesha chombo kizima.

Mwisho, kitufe cha kurekebisha kilirudishwa katikati. Kama kingeachwa pale kaka alipokipeleka, helikopta iliyopona ingezunguka kulia, na wangeamini bado mbovu.

## Maamuzi

Kaka alikuwa na wazo lake: kiuzwe hiki, inunuliwe kubwa yenye mapanga ya jozi moja na chaneli nne, "ya ukweli". Mjomba na fundi walikataa, na sababu zao zilikuwa nzito. Helikopta ya jozi moja huteleza pia kushoto na kulia, haitulii yenyewe hewani, na mrushaji hana budi kuirekebisha bila kupumzika. Asiyejua bado kuitua ya jozi mbili ataivunja kubwa siku hiyohiyo, na vipuri vyake ni ghali zaidi. Zipo pia ndogo zinazojishikilia kimo zenyewe. Kwa mtoto wa chini ya miaka 8 hizo zinafaa zaidi, lakini binti huyu alikuwa na umri wa kujifunza kutawala kimo kwa kidole chake.

Uamuzi wa pili ulikuwa wa mama: hakuna tena kurusha nje. Ulikuwa sahihi kwa sababu mbili zinazojitegemea. Jua lina infraredi nyingi, na kipokezi cha helikopta kikimulikwa nalo hakiwezi kuitenga amri ya rimoti. Umbali wa mita 10 za ndani hubaki mita moja au mbili, au hakuna kabisa. Tena, chombo cha gramu 40 husukumwa na upepo unaotikisa pazia tu.

Wa tatu ulikuwa wa mjomba, nao ndio uliobadili mwenendo wote. Aliamua kwamba binti asifundishwe kuruka mpaka afundishwe kuzima.

## Mafunzo upya

Sebule ilikuwa ya mita 4 kwa 5. Pangaboi lilizimwa, madirisha yakafungwa, na pazia la upande wa magharibi likashushwa, kwa kuwa hata pande la jua lililoingia sakafuni hukata mawasiliano chombo kikipita juu yake. Godoro jembamba lilitandikwa katikati, na pembeni yake kipande cha boksi cha sentimeta 40 kwa 40 kiwe uwanja wa kupaa na kutua. Zulia halifai kwa kazi hiyo, kwa sababu miguu ya helikopta hunasa kwenye manyoya na kuipindua kabla haijanyanyuka. Binti alifunga nywele. Wadogo walikaa kwenye kochi nyuma yake.

Kuwasha kulikuwa na utaratibu: helikopta iwekwe kwenye boksi, iwashwe, iachwe bila kuguswa sekunde kadhaa ili jairo ipate msingi wake. Ukiiwasha ukiwa umeishika mkononi, jairo huchukua mtikisiko wa mkono kuwa ndio utulivu, na itapaa ikijizungusha. Kisha rimoti iwashwe, kijiti cha kushoto kipandishwe hadi juu na kurudishwa chini mara moja, taa ya helikopta iache kumetameta.

Zoezi la kwanza lilikuwa neno moja: "Kata!" Binti alipandisha helikopta nusu mita juu ya godoro, mjomba akasema neno hilo wakati wowote alipotaka, na kidole kirudishe kijiti chini palepale. Helikopta huanguka godoroni, haidhuriki. Lilirudiwa hadi kidole kikaacha kusubiri kichwa.

Sababu yake ni hii. Mota ndogo kama hizi hula umeme mwingi zaidi zinapozuiwa kuzunguka kuliko zinapozunguka huru. Panga likikwama kwenye mguu wa meza na kijiti kikiwa juu, waya mwembamba ndani ya mota huchemka ndani ya sekunde chache. Wakati huohuo gia ya chuma ya mota inasaga meno ya gia ya plastiki, na mhimili unapinda. Kuanguka kwenyewe kutoka mita moja na nusu hakufanyi lolote kati ya hayo, kwa kuwa gramu 40 hazina kishindo. Harufu ambayo mama aliisikia Ijumaa haikutokana na kuanguka. Ilitokana na zile sekunde za baada ya kuanguka.

Anayeanza huogopa kukata kwa sababu anataka kuokoa. Akiona chombo kinainama kuelekea ukutani, mkono huongeza nguvu ili kipande juu ya hatari, nacho hugonga kikiwa na nguvu zaidi. Silika hiyo haiondoki kwa maelezo. Huondoka kwa mazoezi.

Zoezi la pili lilikuwa kurekebisha mzunguko. Kijiti hupandishwa mpaka miguu iwe miepesi kwenye boksi, huangaliwa kichwa kinageukia wapi, kijiti hushushwa, kitufe cha kurekebisha husogezwa kidogo kinyume chake. Betri ikifika nusu, marekebisho hubadilika, kwa hiyo hurudiwa.

Kisha kukaa hewani. Hapa binti alitaka kukaa chini, sentimeta 10 hivi, kwa kuwa palionekana salama. Mjomba alimpandisha hadi usawa wa kiuno. Karibu na sakafu, hewa inayosukumwa chini hugonga na kurudi, chombo kikarushwarushwa bila mpango. Kwenye mita moja hewa imetulia. Vijiti huguswa kidogo na kuachwa, kwa sababu mapanga huchelewa kuitika. Asiyesubiri huongeza mara mbili, akaona inaruka darini, akapunguza mara mbili, ikazama.

Mwelekeo ulikuja mwisho. Utepe mwekundu ulibandikwa mkiani, na mwanzoni ilirushwa mkia ukimtazama binti, kushoto kwake kuwe kushoto kwa chombo. Pua ilipoanza kumgeukia, alijikuta akigeuza upande usio. Dawa ilikuwa kumfundisha ageuze mwili wake utazame upande uleule helikopta inaotazama, akiiangalia juu ya bega, mpaka akili izoee. Kila betri ilipoisha, dakika 10 hadi 15 za kupoa zilipita kabla ya kuchaji.

## Matokeo

Baada ya wiki chache za jioni hizo, binti aliweza kupaa, kuzunguka chumba na kurudi kutua ndani ya boksi bila msaada. Mota na gia ni zilezile za mwanzo. Kilichobadilishwa tena ni jozi moja ya mapanga ya chini, yaliyochakaa ncha kwa kugusa ukuta. Muda wa kuruka umebaki kama dakika 4.

## Kilichofaa na kilichokwama

Mpangilio wa uchunguzi ulifaa kuliko yote. Dalili moja, kujizungusha, inaweza kuletwa na sababu zisizopungua tano: kitufe cha kurekebisha, jairo iliyowashwa mkononi, mchanga kwenye gia, mhimili ulioteleza, mapanga yaliyochanganywa. Kaka alianza na kitufe na kuishia hapo. Kitufe hicho kimewekwa kwa tofauti ndogo za kawaida. Ukiona umekizungusha hadi mwisho na bado, acha kukigusa, tafuta kitu kilicholegea au kilichokwama.

Gundi ilikuwa kosa linaloeleweka, maana panga jipya halipatikani kila duka. Lakini tone la gundi kwenye ncha ya panga huvuruga uwiano pale penye mwendo mkali zaidi, na mtetemo wake ndio uliochomoa kijiti cha fimbo ya mizani. Kama hakuna la kubadilisha, ni afadhali kupunguza ncha ya panga zima iwe sawa na ya lile bovu, milimita chache tu, kuliko kubandika.

Zoezi la "Kata!" lilifaa, na mara moja likaleta hasara. Siku moja helikopta ilipanda mpaka karibu na dari na kuonekana imenata pale. Mapanga yakikaribia dari, hewa ya katikati hunyonywa na shinikizo hupungua, chombo kikavutwa juu hata kijiti kikipunguzwa kidogo. Binti akakata ghafla, kama alivyozoeshwa, nayo ikaanguka zaidi ya mita mbili kwenye vigae, ikavunja mguu mmoja. Hasara hiyo mjomba aliichukua kuwa yake, kwa kuwa hakuwa amemweleza mpaka wa amri. Tangu hapo sheria ina sehemu mbili: panga likigusa kitu, au likielekea kukigusa chini ya usawa wa kifua, kata. Juu ya kichwa, shusha kijiti taratibu lakini usikome kushusha, mpaka chombo kiachane na dari. Angefundishwa zote mbili tangu mwanzo, mguu ungekuwa mzima.

Kilichobaki bila ufumbuzi ni betri. Usiku ule mmoja wa swichi kuachwa imewashwa umeipunguzia uwezo wa kudumu, na hakuna namna ya kuurudisha. Fundi ameagiza nyingine ya volti 3.7 na mAh 150. Yenye mAh kubwa ingeongeza uzito, na mota hizi hazina nguvu ya akiba. Kazi yenyewe ni ya kulehemu: waya mwekundu wa betri ya zamani ukatwe kwanza na kufungwa utepe, ndipo ukatwe mweusi, maana mkasi ukigusa zote mbili kwa pamoja betri hupiga shoti. Mpaka itakapofika, ya zamani huchajiwa mama akiwa macho, huchomolewa taa ya chaji ikibadilika, na swichi hukaguliwa na binti mwenyewe kabla helikopta haijarudi kabatini.